Mgeni Mpe Jembe: Somo Juu ya Wageni Katika Usharika



Walimu wa sharika wameuliza mara nyingi jinsi ipasavyo kuwatendea watu watokao mbali na kukaa kati yetu. Wako waliokimbia vita. Wako waliofuata malisho ya ng'ombe wao. Wako walioletwa na biashara au kazi ya serikali, nao siku ya Jumapili huketi benchi la nyuma, wakatoka ibada ikiisha bila kuulizwa neno. Kabla hujaendelea, fungua kitabu cha Ruthu ukisome chote, kwa maana ni sura 4 tu. Kisha soma Waefeso 2:11-22, Marko 10:28-31 na Warumi 16:1-16. Asomaye somo hili bila Biblia mkononi atapata nusu yake.

Tunayo methali ambayo kila mtoto aijua, ya kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi twaitamka kwa kucheka, kana kwamba ni maneno ya mchoyo ahesabuye sahani za ugali. Nami niliielewa hivyo miaka mingi. Lakini fikiri, jembe ni kitu gani hapa kwetu Singida? Nchi yetu ni nchi ya mvua chache, ya uwele na mtama, na siku za kulima ni chache. Asiye na jembe wala shamba hana neno barazani, wala hana cha kutoa wakati wa arusi au wa msiba. Basi amwambiaye mgeni, "Shika jembe, twende," amemwambia ya kwamba shamba hili ni lako pia, na njaa yetu itakuwa njaa yako. Bali yule ampaye chakula kila siku na kumwambia, "Kaa tu, wewe ni mgeni," aonekana amemheshimu zaidi, kumbe amemwacha nje ya mlango.

Nitasimulia jambo lililonifundisha haya, nalo si la kujisifu. Nilipokuwa mzee wa kanisa, alikuja katika usharika wetu mama mmoja na watoto wawili. Nchi yao ilikuwa imeharibika kwa vita, na mumewe alipotea njiani. Tulimpokea kwa furaha. Kila Krismasi na kila Pasaka tulimpa unga na kitenge, tukamsimamisha mbele ya watu, tukapiga makofi, naye akashukuru. Ikawa hivyo miaka mitatu. Kisha mtoto wake mdogo akafa kwa homa. Watu wakakusanyika uani kama ilivyo desturi, na mzee mmoja akauliza, "Mwenye msiba ni nani? Tumpe nani pole?" Maana yule mama alikuwa ameketi peke yake mkekani, hana mama mkwe, hana dada, hana shangazi. Tukatazamana. Hapakuwa na mmoja wetu aliyejua ukoo wake, wala jina la mama yake. Hata jina la mtoto, mwinjilisti alikuwa hana budi kuliuliza kabla ya kwenda kaburini.

Ndipo bibi mmoja mjane, asiye na cheo chochote kanisani, alipojikokota mpaka mkekani akaketi ubavuni pake, akasema, "Pole nipeni mimi. Huyu ni mwanangu, na aliyekufa ni mjukuu wangu." Matanga yalipokwisha akamwambia, "Mwanangu, mvua inakaribia, na jembe la pili liko nyuma ya mlango." Tangu siku ile walilima pamoja. Baada ya mwaka mmoja yule mama ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwatazama wagonjwa wetu, na bibi yule alipofariki, hakuna aliyeuliza mwenye msiba ni nani. Sisi wazee tulitoa unga wa miaka mitatu. Unga ule ulikuwa mwema, wala sisemi tusitoe unga. Nasema tulidhani tumemaliza.

Sasa rudi kwa Ruthu. Boazi hakumpelekea kapu nyumbani na kumwambia apumzike. Alimwachia masuke shambani, akawaamuru vijana wasimguse, akamwita ale pamoja na wavunaji, naye Ruthu akaokota kwa mikono yake hata jioni. Torati iliagiza hivyo (Walawi 19:9-10, Kumbukumbu la Torati 24:19-21), ya kwamba maskini na mgeni waachiwe mabaki ya mavuno, nao waje wenyewe kuyakusanya. Tena yako mambo mawili ambayo wahubiri huyapita upesi. Katika 1:17 Ruthu ataja kaburi: apenda kuzikwa pale atakapozikwa Naomi. Mtu aliyekwisha kuchagua mahali pa kaburi lake hayuko safarini tena. Na katika 4:17, mtoto alipozaliwa, waliompa jina ni wanawake jirani. Mmoabi amezaa, na kijiji kizima kinampa mtoto jina kama mtoto wao! Hapo ndipo Ruthu alipoacha kuwa mgeni, wala haikuwa siku ile alipopewa shayiri.

Katika Marko 10 Bwana awaahidia walioacha jamaa zao kwa ajili yake kwamba watapata tena nyumba na ndugu na mama na watoto na mashamba, wakati huu wa sasa. Linganisha aya ya 29 na ya 30 neno kwa neno. Katika yale yaliyoachwa baba atajwa. Katika yale yanayopokelewa hatajwi. Walimu wengi wa Kanisa wameona hapo fundisho, ya kwamba Baba tunaye mmoja wa mbinguni, na nyumbani mwake hakuna mwenyeji anayeweza kujifanya mwenye nyumba. Lakini mashamba yametajwa. Bwana hakuahidi sahani tu. Na ahadi hiyo hutimizwaje, isipokuwa kwa mikono ya usharika? Paulo, aliyekuwa msafiri siku zote, alikuta utimizo wake. Maana katika Warumi 16:13 amsalimu mama wa Rufo kuwa ni mama yake yeye pia. Jina lake mama huyo hatukuambiwa.

Katika Waefeso 2:19 Mtume awaambia watu wa mataifa kwamba wao si wageni tena wala wapitaji, bali ni watu wa nyumbani mwake Mungu. Neno la Kiyunani alilolitumia kwa wapitaji ni paroikoi, yaani watu wakaao mahali pasipo kwao. Kutoka mzizi huo Wakristo wa kale waliliita kusanyiko la mji wao paroikia, na kwa njia hiyo limetokea neno parokia ambalo jirani zetu Wakatoliki hulitumia hata leo. Basi jina lenyewe lina ushuhuda: mbele ya ulimwengu kila kusanyiko la Wakristo ni kambi ya wageni. Asemaye, "Kanisa hili ni letu, wale wamekuja tu," amesahau jina lake.

Wala tusijidhani sisi wa Singida kuwa tumeota hapa kama mibuyu. Wazee wa Isanzu husimulia ya kwamba babu zao walitoka kisiwa cha Ukerewe, katika ziwa la Viktoria. Na Kanisa letu je? Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri katika Iramba walikuwa wa chama cha Leipzig, nao walifika kabla ya vita ya 1914. Vita ilipokwisha Wajerumani waliondolewa katika nchi, na kundi likaachwa kama yatima. Katika miaka ya 1920 wakaja wamisionari wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani. Wengi wetu twalijua jina hilo. Wachache wajua ni watu gani waliokuwa nyuma yake.

Sinodi ya Augustana ilianzishwa 1860 na wahamiaji wa Uswidi na Norwe waliokuwa wamevuka bahari. Baadaye ikawa ya Waswidi peke yao. Watu zaidi ya milioni moja walitoka Uswidi kwenda Marekani katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wengi wao wakulima maskini wasio na ardhi ya kuwatosha; na njaa ya miaka 1867 hata 1869 iliwaongeza sana. Walifika bila lugha ya nchi na bila ukoo. Mahali paitwapo Vasa, katika Minnesota, mwaka 1865, wazazi wa watoto wanne waliotoka Uswidi walikufa muda si mrefu baada ya kufika. Hapakuwa na mjomba wala babu wa kuwachukua. Mchungaji wa usharika, Eric Norelius, akawapokea, nao wakakaa katika chumba cha chini ya kanisa. Usharika ule wa wahamiaji maskini ukawa ndio ukoo wao. Kazi iliyoanza na watoto wale wanne ndiyo asili ya huduma kubwa ya Walutheri wa Minnesota iliyopo hata leo. Na ni watoto na wajukuu wa wahamiaji wa namna hiyo waliotoa sadaka zilizoleta shule na dawa Iramba na Unyaturu. Tulihubiriwa na watu waliojua kwa habari za nyumbani kwao maana ya kufika mahali bila mtu wa kukupokea.

Lakini wao nao walikuwa na udhaifu, nao wafaa kutajwa kwa maana ni udhaifu wetu pia. Kiswidi kiliwaunganisha, nacho kikawafungia. Walikishika katika ibada hata baada ya vita ya 1914-1918, ingawa wajukuu wao walikuwa wameanza kutokielewa, na mashauri ya kubadili lugha yaliwatia watu uchungu mwingi. Tazama sasa mlangoni petu baada ya ibada. Ndani tumesali kwa Kiswahili. Tukitoka tu, wazee wanageukia Kinyaturu au Kinyiramba, wanacheka, wanaulizana habari za ng'ombe na za arusi, na Msukuma aliyehamia mwaka jana amesimama kando na kofia yake mkononi. Hakuna aliyemfukuza. Hata hivyo amekwisha kwenda zake. Sitaki lugha za mama zife, maana nami ndiyo niliyofundishwa nayo kusali. Naomba tu kwamba mgeni akiwapo, dakika kumi za mlangoni ziwe za Kiswahili.

Pengine mtu atasema ya kwamba zamani hatukuhitaji mafundisho haya, kwa kuwa ukoo ulitosha. Ukoo ni zawadi ya Mungu. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni tangu 1977 hata 1984, aliona habari ya Kanisa na ukoo kuwa kubwa kiasi cha kuiandikia kitabu kizima, kilichotoka 1974. Lakini ukoo una mpaka wake. Wagogo wa Manyoni na wa Dodoma waikumbuka njaa iitwayo Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka na wapagazi, mvua ikakosekana, juu ya hayo yakaja mafua makali ya 1918. Yakisiwa kwamba watu 30,000 walikufa. Katika njaa ya namna ile mwenye jamaa ya mbali alikuwa na mahali pa kukimbilia, bali asiye na jamaa aliweza kumweka hata mtoto wake rehani kwa chakula. Huo ndio mpaka wa ukoo: humwokoa aliye wake. Hapo ubatizo waanza kazi yake, kwa kuwa humpa ndugu mtu asiye na ndugu.

Katika vita ya pili nchi hii ilipokea wakimbizi wa Poland, tangu 1942. Wapatao 5,000 walikaa Tengeru karibu na Arusha; wengine waliwekwa Kondoa, jirani yetu, na wengine Kidugala katika Ubena, kituo kilichokuwa cha misioni ya Berlin. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, nao wakakaa katika kituo cha Walutheri. Makaburi yao yako Tengeru hata leo, nayo yatunzwa. Na vita ilipokwisha, Walutheri wa ulimwengu walijikuta katika hali hiyo hiyo: inasemwa ya kwamba Mlutheri mmoja katika kila sita alikuwa mkimbizi au amefukuzwa kwao. Kwa hiyo Shirikisho la Walutheri lilipoundwa Lund, Uswidi, mwaka 1947, kazi ya wakimbizi ilikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1964 Shirikisho hilo likaanzisha katika nchi yetu huduma ya Kikristo ya wakimbizi, ijulikanayo kwa herufi TCRS, ishirikiane na serikali na Umoja wa Mataifa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko magharibi, katika mkoa wa Tabora. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa Burundi, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali ikawapa makao Ulyankulu, na Katumba, na baadaye Mishamo. Mwalimu Nyerere na serikali yake hawakuwafungia watu hao wakale posho tu. Waliwapa ardhi, na TCRS ikasaidia kupasua barabara, kujenga shule na zahanati. Nao wakalima. Baada ya miaka michache walijilisha wenyewe, wakauza mazao yao nje, na msaada wa chakula ukakoma. Hilo ndilo jembe nililolisema. Katika makao yale watu walipangwa kwa barabara zenye namba, na kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu ikaja kujulikana mbali kwa kaseti zake. Watu waliokuja wakilia wakawafundisha wenyeji kuimba! Tangu Oktoba 2014 wapatao 162,000 wa wale wa 1972 na wazao wao walianza kupewa hati za uraia wa Tanzania, baada ya miaka zaidi ya 40.

Lakini siyo wote waliobahatika hivyo. Wakimbizi waliokuja baadaye na kuwekwa katika makambi ya Kigoma hawakupewa mashamba, na sheria ya wakimbizi ya 1998 huwataka wakae katika maeneo waliyopangiwa. Hapo mwalimu wa usharika aweza kukutwa na jambo gumu. Akija mtu usiku, asema amekimbia, afanye nini? Ampe maji na chakula na mahali pa kulala. Hilo halingoji ruhusa. Asubuhi asimfiche, bali aende pamoja naye kwa mtendaji wa kijiji, maana sheria yaagiza mkimbizi ajitambulishe kwa wakuu. Nasema "aende pamoja naye," asimtume peke yake. Mtu aliyekimbia askari huogopa kila meza yenye muhuri, na mwalimu akisimama karibu naye, maneno yake husikilizwa vingine.

Jambo gumu la pili ni la wafugaji. Ng'ombe wakiingia katika mtama, mwenye shamba na mwenye ng'ombe huweza kuwa wote wawili washiriki wa meza moja ya Bwana. Hapa usharika hauwezi kuwa hakimu wa mipaka. Liko baraza la ardhi. Lakini nimeona wazee wa kanisa wakimtetea mwenyeji kabla ya kumsikia mhamiaji, kwa sababu mwenyeji ni shemeji yao. Torati yasema sheria iwe moja kwa mgeni na kwa mzalia (Walawi 24:22), na mzee wa kanisa asiyeweza kulishika neno hilo afadhali akae kimya siku ile.

Kuna swali la vyeti pia. Mtu ahamaye kwa amani huja na barua ya usharika wake. Aliyekimbia hana, huenda imeungua pamoja na nyumba. Asikataliwe meza kwa ajili ya karatasi, wala asibatizwe mara ya pili. Ubatizo ni mmoja. Mwalimu ampeleke kwa mchungaji, mchungaji amwulize kwa upole alibatizwa wapi, na nani aliyemshika, kisha jina lake liandikwe katika kitabu pamoja na majina ya wazazi wake, hata kama wamekufa. Sisi tulikosa hilo kwa yule mama, nami nimekwisha kuwaambia tulivyoaibika.

Mwisho kuna habari ya maziko. Siku hizi vijiji vingi vina vyama vya kuzikana, navyo ni vizuri. Lakini asiyelipa ada hazikwi na chama, na mgeni mara nyingi hajalipa. Wazee wa usharika wasingoje siku ya msiba ndipo waanze kuulizana. Katika mkutano wao ujao, kabla ya mvua za Novemba na Desemba, kitabu cha usharika kifunguliwe, watafutwe walioandikwa bila jamaa, na kwa kila mmoja itajwe nyumba moja itakayoketi naye mkekani. Nyumba hiyo iulizwe kwanza kama yakubali. Tena yule mgeni aulizwe yeye naye anaweza kazi gani katika usharika: kuimba, kushona, kufyatua matofali, kufundisha watoto, kukaa na wagonjwa. Apewe kazi hiyo Jumapili ifuatayo, wala asiambiwe kwamba bado ni mgeni.